Uso wa Shahidi wa Uongo

"Kovu la kidevuni lionekane," Markizi Ercole, kabaila wa kijiji, alisema kutoka chini ya jukwaa. "Nataka hata kipofu amtambue."

Fundi Bortolo Zanchi alichovya brashi. Lipu ilikuwa mbichi bado. Rangi ikishanyweka humo, haitoki ila kwa patasi. Kati ya wenye dhambi aliowachora ukutani wakiungua Jehanamu alikuwa amebakiza uso mmoja, wa shahidi wa uongo. Markizi, aliyegharimia mapambo yote ya kanisa, alitaka uwe wa Orsola, mjane mwenye kinu, ambaye ushahidi wake ulimfanya Markizi ashindwe kesi ya mfereji.

Tangu Pasaka Bortolo alikuwa mpangaji kwa Orsola, akila ugali wake.

"Mheshimiwa, yule mama hana…"

"Kuba ya kanisa unaitaka, huitaki?"

Aliitaka. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na hakuna aliyewahi kumpa kuba achore. Akalichora kovu.

Jumapili, watu walitoka Misa wakicheka chini chini. Orsola alibaki, shingo kaiinua kuutazama uso ule.

"Kovu hili nilikuonyesha mwenyewe," alisema. "Nikakusimulia na kamba ya kinu iliyonikata nikiwa mtoto."

"Mama Orsola, niliamrishwa."

"Na mkono ulikuwa wa nani?"

Bortolo aliyatazama magamba ya rangi kwenye kucha zake.

"Ila umenichora sawasawa, fundi," Orsola alisema. "Hata marehemu mume wangu hakuwahi kunitazama hivyo."

Akatoka.

Bortolo alipanda jukwaani na nyundo na patasi. Uso ulitoka vipande vipande, jicho la kushoto likawa la mwisho. Markizi aliingia mbio, vumbi likamdondokea begani.

"Una wazimu wewe? Kuba uisahau!"

"Najua, Mheshimiwa."

Alidhani moyo utakuwa mwepesi. Haukuwa. Kijiji kizima kilikwisha kuona.

Kwenye kinu alikuta mlango umefungwa. Furushi lake lilikuwa kizingitini: mashati mawili yamefuliwa na kukunjwa, kola iliyochanika imeshonwa. Ndani, mawe yalikuwa yanasaga, ingawa ilikuwa Jumapili. Bortolo aliinua mkono abishe, akauona ulivyojaa chokaa, akaufuta kwenye suruali, akaufuta tena.

Mawe yakanyamaza. Nyuma ya mlango, mtu alikuwa amesimama.