Kengele ya Rangi ya Zambarau

Kwa Guurtje, taa ilikuwa kitu cha kuzimwa. Akitoka chumbani anazima, akirudi anawasha, jua likichungulia anazima tena, na mgeni akisahau ya chooni, Guurtje humfuata nyuma na kuizima bila kusema neno. Mgeni huyo hasahau tena. Haba na haba hujaza kibaba, na yeye kibaba chake alikijaza kwa kidole. Kwa hiyo siku aliyosema anataka taa ya dari inayobadilisha rangi, shemeji yake Siem, aliyekuwa amemwoa marehemu dada yake, alimwuliza kwanza kama amekunywa.

Hakuwa amekunywa. Shida ilikuwa masikio. Alifanya kazi kiwanda cha kakao hapa Zaandam, Uholanzi, tangu usichana mpaka kustaafu, ubavuni mwa mashine za kusagia, zama ambazo mtu kuziba masikio kazini alionekana anadeka. Mashine zikamwachia pensheni na uziwi. Ana kwa ana alisikia, mradi auone mdomo wa msemaji. Sauti nyembamba ndizo zilizomhama moja baada ya nyingine: ndege, birika, saa ya jikoni, na mwisho kengele ya mlango.

Na kengele ndiyo iliyomharibia mambo. Ng'ambo ya mtaa aliishi Aagje, shoga yake tangu watoto wao walipokuwa wakitambaa. Kila siku saa nne asubuhi Aagje alivuka barabara, akabonyeza kengele, akanywa vikombe viwili vya kahawa na biskuti moja, akarudi kwake. Mtaa wetu hauna mapazia. Anayefunga pazia mchana ama kafiwa ama ana la kuficha, na Guurtje, ambaye kweli alikuwa na la kuficha, ndiyo kwanza alizidi kusugua vioo. Mpita njia anaiona sebule yote, maua, kiti, mpaka ukurasa wa gazeti uliofunguliwa. Lakini adabu iko: unaona huku unapita, husimami. Kusimama dirishani pa mtu na kugonga kioo ni ushenzi, na Aagje asingeufanya hata kama nyumba ingekuwa inaungua.

Sasa hebu fikiria. Aagje anabonyeza kengele. Dirishani anamwona shoga yake kakaa zake, kaligeuzia dirisha mgongo, anajaza fumbo la maneno gazetini. Anabonyeza tena. Wapi! Mtu hageuki. Akarudi siku ya pili, ikawa vilevile. Siku ya tatu ilikuwa ya mwisho. Tangu hapo wakikutana kwa mwoka mikate walisalimiana kwa kichwa, na Siem ndiye aliyeleta habari kwamba huko nje Aagje anasema Guurtje siku hizi ana makuu.

"Mwambie basi kwamba husikii," Siem alisema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Guurtje alikataa katakata. Aagje aliwahi kuwa na dada kiziwi, Marretje, na miaka nenda miaka rudi alikuwa akimlalamikia Guurtje wakinywa kahawa ileile: kusema na Marretje ni kusema na ukuta, unarudia neno mpaka koo linakauka, afadhali unywe kahawa na paka. Guurtje alikuwa akicheka. Alicheka mpaka machozi, Mungu amsamehe, na sasa kicheko kile kilimrudia kila alfajiri. Kutosikia hakukumtisha. Kilichomtisha ni kuwa Marretje. Alimtaka Aagje arudi kwenye kiti chake saa nne asubuhi, na alimtaka arudi bila kujua.

Dawa aliiona kwenye gazeti la bure: taa ya dari inayosikilizana na kitufe cha kengele. Mtu akibonyeza mlangoni, dari nzima inageuka rangi. Hata ukiwa umeinamia fumbo la maneno, mwanga juu ya karatasi unakwambia inuka.

Dukani mwuzaji, mama mmoja mwenye miwani shingoni, alimsimulia kwamba taa ile ina rangi milioni kumi na sita. Guurtje akauliza kama anayetaka moja tu anapunguziwa bei. Mwuzaji akaendelea na yake: kuna mwanga wa machweo, kuna wa usingizi, kuna wa karamu. Guurtje hakuwa na karamu. Taa zenye mikono na maua alizipitishia kidole, akatazama vumbi, akaziacha. Alichagua ya duara, bapa kama sinia, isiyo na pembe ya buibui kujishika. Kisha akaomba iwashwe karibu na dirisha, mchana ule ule, aone kama rangi inashinda mwanga wa nje. Ikashinda. Mwuzaji alisema hajawahi kuulizwa hilo.

Siem alikuja kuifunga Jumamosi. Alizima umeme wa nyumba nzima, akapanda ngazi, akaishusha taa ya zamani na kuanza kuguna. Nyumba zile za wafanyakazi wa kiwanda zilivutiwa nyaya zamani, wakati wa kijani ulipokuwa ndio wenye moto na mwekundu ndio wa kurudisha, na taa mpya ilikuja na kahawia na bluu. Anayefuata rangi kwa macho tu humo anajitafutia balaa. Siem alipima kila waya kabla ya kuugusa, huku chini Guurtje kashika ngazi kwa mkono mmoja na kizoleo cha taka kwa mkono wa pili, anakinga vumbi la dari lisifike zuliani.

Ilipofungwa, ukabaki uchaguzi wa rangi. Guurtje alitaka nyekundu, kwa sababu nyekundu inaonekana. Siem, mkononi ana simu ya kuichagulia taa rangi, alimtazama kwanza yeye, kisha lile dirisha kubwa lisilo pazia.

"Mwanamke peke yake, dirisha wazi, taa nyekundu," alisema. "Shemeji, utapata wageni kuliko unavyotaka. Na hawatakuja kunywa kahawa."

Nyekundu ikaachwa. Rangi ya chungwa nayo ikakataliwa, mtaa ungedhani timu ya taifa inacheza kila Aagje akija. Bluu ilikuwa ya gari la wagonjwa. Kijani walikijaribu, na Siem juu ya ngazi akageuka maiti. Ikabaki zambarau. Siem akatoka, akabonyeza kitufe kipya, na sebule yote, kuanzia dari mpaka vikombe kabatini, ikawa zambarau. Guurtje akapiga makofi. Tangu msimu wa baridi uanze hakuna aliyewahi kumwona hivyo.

Kisha Siem akamweleza sharti. Taa hii mchana inalala, lakini inasikiliza. Ikinyimwa umeme haisikii kitu, kwa hiyo swichi ya ukutani asiiguse tena maisha yake yote.

"Inalala huku inakula umeme?" Guurtje aliuliza.

"Inakula kidogo sana."

"Kinacholala kinapumua, na kinachopumua kinakula."

Siem alimjua. Hakubishana, alichukua plasta ya vidonda kwenye kabati la bafuni, akaibandika juu ya swichi, akaenda zake. Guurtje aliiheshimu plasta ile. Mara kadhaa mkono wake ulinyanyuka wenyewe, ukaigusa, ukashuka. Mazoea yana taabu.

Kilichobaki ni Aagje kuja, na Guurtje alijua atakuja lini: siku yake Guurtje ya kuzaliwa. Kwetu siku ya kuzaliwa haina mwaliko. Majina yako kwenye kalenda iliyotundikwa chooni, kila mtu anaisoma kila siku atake asitake, na siku ikifika jirani anakuja. Asiyekuja amekwishasema, na alichosema hakifutiki. Aagje alikuwa na hasira, lakini vita alikuwa bado hajatangaza. Angekuja saa nne, angebonyeza kengele, dari ingegeuka, Guurtje angefungua mlango akitabasamu, na yaliyopita yangepita bila mtu kuyataja.

Asubuhi ya siku hiyo alianza na usafi. Alifuta madirisha, akafuta meza, akafuta majani ya maua moja moja. Alipofika ukutani akaiona plasta, imeanza kuchakaa pembeni. Mgeni wa siku ya kuzaliwa aone plasta ukutani kwake? Akaibandua. Ikaacha gundi, naye akaisugua swichi kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka ikang'aa, na kidole, katika kumaliza, kikafanya kazi yake ya miaka yote. Taa ilikuwa imelala hata kabla. Dari haikubadilika hata chembe.

Akaketi. Kuchungulia nje ukingoja wageni ni aibu, utadhaniwa una njaa ya watu, kwa hiyo aliligeuzia dirisha mgongo kama kawaida. Ila safari hii gazeti hakulishika. Keki ya tufaha ilikuwa mezani, kahawa kwenye chupa, macho yake darini. Saa nne ikafika. Akangoja. Saa nne ikapita. Dari ikabaki nyeupe. Aliendelea kuitazama mpaka shingo ikauma, na kahawa alipojimiminia ilikuwa imepoa.

Basi amekwishasema, akawaza. Hakulia, ila alijiona mzee, na kiti kile cha mbele yake alitamani kukitoa sebuleni kabisa. Angepewa masikio yake siku ile kwa sharti asimwone Aagje tena, angeyakataa.

Alikwenda mlangoni kutazama barua. Kwenye ngazi palikuwa na kikombe kikubwa cha bati la bluu, chenye udongo, na hiasinthi nyeupe inayoanza kuchanua. Kikombe alikijua. Kila mwaka Aagje hupanda maua ya aina hiyo kwenye kikombe alichokuwa akinywea marehemu mumewe.

Kumbe alikuja. Alikuja na ua lake, akabonyeza, akamwona mwenye siku yake kakaa kampa mgongo, anatazama dari, yuko tayari kungoja mgeni aondoke. Guurtje akarudi ndani mbio, akaitazama taa, akatazama ukuta. Swichi ilikuwa imezimwa, safi, inang'aa.

"Mpumbavu wee," alijiambia kwa sauti.

Akaiwasha. Lakini imani ilikuwa imemtoka, alitaka kuona kwa macho. Akatoka nje, kikombe cha ua kingali mkononi, akabonyeza kengele yake mwenyewe, kisha akapiga hatua hadi dirishani na kuchungulia. Zambarau. Akangoja izimike, akabonyeza tena, akakimbilia tena dirishani. Zambarau. Mwanamke aliyelelewa asisimame dirishani pa mtu alikuwa kasimama dirishani pake mwenyewe mchana kweupe, pua kiooni, na mtaa mzima unaona. Pua ikaacha alama kwenye kioo alichokifuta asubuhi ile ile, naye akavuta mkono wa sweta kuifuta.

Alikuwa angali anafuta wakati sebule ilipogeuka zambarau.

Guurtje alitazama mkono wake. Ulikuwa kiooni. Mwingine ulikuwa umeshika ua. Akageuza kichwa pole pole. Mlangoni alikuwa amesimama Aagje, aproni kiunoni, kidole kwenye kengele.

Baadaye Aagje alimsimulia kwamba alimwona kupitia dirisha lake, akadhani mwenzake karukwa na akili, akavuka. Alisimama nyuma yake akamwita jina. Akamwita tena kwa nguvu, mpaka mbwa wa nyumba ya tatu akabweka, na Guurtje anafuta kioo tu. Hapo Aagje aliitazama dari, akakitazama kitufe, na Aagje si mjinga. Alimlea Marretje.

Alimshika Guurtje mkono wa sweta, akamgeuza uso uelekee kwake, akasubiri macho yakutane. Kisha akasema kwa mdomo mpana, neno moja moja, bila kupaza sauti. Hivyo ndivyo husema mtu aliyekwisha kujifunza.

"Tangu lini?"

"Kabla ya Krismasi."

"Na mimi nimekuita mwenye makuu kwa mwoka mikate, mbele za watu."

"Wewe ulisema afadhali kahawa na paka," Guurtje alisema.

Upepo ulipeperusha aproni ya Aagje, akaishika.

"Nimekunywa naye tangu Krismasi," alisema. "Hana maneno yule."

Wakaingia ndani. Aagje hakukaa kwenye kiti chake cha siku zote. Alikivuta mpaka upande wa pili wa meza, akakigeuza, mwanga wa dirisha ukampiga usoni na mdomoni, ndipo akaketi na kumpa shoga yake hongera ya siku ya kuzaliwa. Guurtje akakata keki. Jua lilikuwa limetoka, nayo taa, ambayo katika haraka yake Aagje aliibonyezea kengele mara mbili, ilikuwa bado haijarudi kulala. Aagje alisema izimwe, umeme unapotea bure.

"Iache iwake," Guurtje alisema.