Koa Ndani ya Piano

Jumatatu saa kumi jioni, kabla mwanafunzi wa kwanza hajafika, mwalimu wa piano alichukua kitambaa na sahani ya plastiki, akafunua piano ya sebuleni na kuanza kuokota koa. Wale konokono wasio na gamba walikuwa wamejibana kati ya vibonyezo, wanene, wamejaa utelezi, na kila mmoja alinguruma noti moja tu, noti iliyokosewa. Siku hiyo walikuwa kumi na mmoja.

Chanzo chao hakikuwa siri. Kwa miaka ishirini na sita mwalimu alimpigia piano mwimbaji mmoja ambaye mashabiki walimwita Chiriku. Sauti ya Chiriku ilipoanza kuchoka, mwalimu alimshushia nyimbo kwenye noti za chini kidogo kidogo bila kumwambia. Chiriku alipoingia kabla ya wakati, aliingia naye. Aliporuka mstari mzima, mwalimu aliuruka uleule bila kupepesa macho, na watu wakarudi makwao wakiapa kwamba mzee Chiriku hajawahi kukosea hata siku moja. Makosa yenyewe yalihamia sebuleni kwa mwalimu, yakawa koa.

Harufu yao ilikuwa ya tambara la kudekia lililosahauliwa kwenye ndoo. Fundi wa piano alishauri chumvi, lakini koa waliilamba yote. Wanafunzi waliwapangusa na kuendelea na zoezi.

Kwenye kila bango jina la Chiriku liliandikwa kwa herufi kubwa kama mikate, na chini yake, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani, “na piano”. Utadhani piano ilijipandia basi yenyewe ikaja ukumbini. Kila mwaka Chiriku aliahidi kwamba bango lijalo litakuwa na jina la mwalimu. Sasa alikuwa anastaafu, na lilibaki tamasha moja.

Binti wa dada yake mwalimu, ambaye alikuwa akijifunza kwake kazi hiyohiyo ya kumpigia mwimbaji, alichoka kumtazama akiokota koa.

“Mama mdogo, safari hii usimfuate. Akiruka, mwache aanguke peke yake.”

Mwalimu alimwahidi kwamba jina lake lisipokuwepo kwenye bango, hatamfuata.

Siku ya tamasha alibeba sahani ya koa hadi chumba cha kuvalia. Chiriku alikuwa anajipaka poda. Alichungulia, akasema wamenona, kisha akamkabidhi bango. Chini ya jina lake: “na piano”.

“Mchapaji alikosa nafasi, dada yangu,” alisema. “Lakini sisi wawili tunajua.”

Katika wimbo wa nne Chiriku aliruka mistari miwili. Mwalimu alikuwa amejiapiza, amekaza hata meno. Mikono yake haikumsubiri. Iliruka na Chiriku, ikamdaka, ikamweka chini taratibu kama mtoto aliyelala. Ukumbi ulisimama kwa makofi. Chiriku alipiga goti, akabusu vidole vyake, akaunyoosha mkono kwa heshima kuelekea kwenye piano. Hakumtazama aliyeketi kwenye piano hiyo. Mwalimu aliitazama mikono yake mwenyewe, na aliyemchukiza zaidi hakuwa Chiriku.

Jumatatu iliyofuata alikuta koa mmoja tu, mkubwa kama kiatu cha mwanamume. Alimtoa kwa mikono miwili, akaosha mikono mara tatu, na utelezi haukutoka wote.

Binti wa dada yake alikuja kwa somo. Mwalimu aliimba na binti akampigia, kama walivyofanya kila wiki. Katikati, bila kumtahadharisha, mwalimu aliruka mstari mzima. Binti aliuruka naye, vidole vikiwa vimetulia kabisa.

Kati ya kibonyezo na kibonyezo akatoka koa mdogo, mbichi, ukubwa wa punje ya harage. Akaanza kunguruma. Wote wawili walimtazama.

“Safi sana,” mwalimu alisema. “Ndivyo kazi inavyotakiwa.”

Akampa kitambaa. Binti akapangusa, wakaanza tena toka mwanzo.