Mlango wa Casilda

Rufina alianza kukasirika pale pale mapokezini, kabla hata hajavua koti. Msichana wa mapokezi alimpa kadi ya plastiki badala ya ufunguo, akatabasamu kwa meno yote, akasema, "Karibu nyumbani, Mama Rufina. Tumekuwekea chumba chako mwenyewe."

"Changu kipi? Sijawahi kuwa na chumba chenye televisheni humu."

Chari, binti wa kaka yake, aliyemleta kwa gari kutoka Cádiz, alimfinya mkono. "Shangazi, tulikubaliana. Siku moja tu, na adabu."

Ni hoteli iliyomwita. Yeye ndiye mtawa pekee aliyebaki hai kati ya wale walioishi humu, katika nyumba ya watawa ya Santa Eufrasia, katikati ya Jerez, kabla haijafungwa, ikauzwa na kugeuzwa hoteli. Mkurugenzi, Bwana Borja, alitaka saa kumi na moja jioni akae nyuma ya lile pipa la mbao linalozunguka ukutani, ambalo watawa walilitumia kuwapitishia watu wa mjini vitamu vyao bila kuonana nao, naye awapitishie wageni vitamu vya viini vya mayai. Rufina alikubali kwa sharti moja. Barua ya Borja ilisema kila chumba kitapewa jina la mtawa wa nyumba ile, naye akajibu kwamba anakuja kuliona jina la Casilda.

Kwa hiyo hakwenda kupumzika. Alianza mwanzo wa korido, akasoma vibao vya shaba mlango kwa mlango, kidole juu ya herufi, Chari nyuma yake. Mama Inmaculada. Mama Visitación. Mama Leocadia, ambaye alikuwa mchoyo hata wa salamu. Milango ishirini na miwili, na wa mwisho ulikuwa wake, Mama Rufina. Casilda hayumo. Akarudia kwa kurudi nyuma, asije akasema macho ya miaka themanini na miwili yamemdanganya. Hayumo.

Borja alimkuta hapo, viatu vya bei mbaya na soksi hana.

"Casilda yuko wapi?" Rufina hakumwachia hata nafasi ya kusalimia.

"Nani, Mama?"

"Sista Casilda. Miaka arobaini jikoni kwenu."

"Ah." Borja alikuna shingo. "Majina tuliyatoa kwenye viti vya kwaya kule kanisani, yalikuwa yamepakwa dhahabu. Viti ishirini na viwili, vyumba ishirini na viwili! Mchoraji wetu wa ramani alilia kwa furaha."

"Alilia? Mwambie na waliopiga magoti sakafuni nyuma ya mlango awalilie."

Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Aliyeingia utawa na mahari na elimu aliitwa Mama, akavaa shela jeusi, akawa na kiti cha kuimbia. Aliyeingia na mikono yake mitupu aliitwa Sista, akavaa shela jeupe, akapika, akafua, akasugua ngazi, na zaburi akazisikiliza kupitia ufa wa mlango. Rufina aliingia na mikono mitupu. Casilda vilevile.

"Na masista walilala wapi?" Chari aliuliza.

"Darini, juu ya jiko. Sita tumebanana."

"Darini!" Borja alifurahi kupata la kusema. "Tumeweka mitambo ya viyoyozi. Panafaa sana."

Rufina alitamka neno ambalo hakufundishwa na watawa. Chari akatazama dari.

"Na menyu yako," Rufina aliendelea, sauti ikimpanda, "inasema vitamu vya Mama Inmaculada. Inmaculada hakuwahi kuvunja yai hata moja maishani mwake! Watengeneza mvinyo wa mjini walichukua ute wa mayai kusafishia mvinyo wao, wakatuletea viini ndoo kwa ndoo, na Casilda ndiye aliyesimama kwenye sukari ichemkayo mpaka ikamuunguza mkono, vidole visinyooke tena. Leo unaviuza kwa jina la mwenzie!"

"Mama, tutaongeza sentensi moja kwenye kijitabu. Toleo lijalo."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, kijana."

Borja naye alikuwa mtu, na uvumilivu wake ulikuwa umefika mwisho. "Lakini samahani, Mama. Wewe si ulikuwa sista pia? Mbona una kiti? Mbona una mlango?"

Hasira aliyokuja nayo Rufina haikwisha, ila ilimgeukia yeye mwenyewe, na hapo ikawa kali zaidi.

"Amri ilitoka Roma," alisema, "kwamba mambo ya shela jeupe na jeusi yaishe. Mama Mkuu akasema haya, kuna kiti kimoja kitupu, apande mmoja kwanza. Akaniita. Akaniuliza, Casilda ndiye mkubwa wenu, ataweza zaburi? Nikamjibu, hajui kusoma."

"Na alikuwa hajui?" aliuliza Chari.

"Hajui hata herufi moja. Lakini zaburi zote mia na hamsini alikuwa nazo kichwani, kwa Kilatini, za kupitia ufa wa mlango. Nilijua. Nililala kando yake miaka minane nikimsikia akizinong'ona. Nikanyamaza, na kiti nikapata mimi."

Borja alitafuta neno jema, akalipata baya. "Ulikuwa msichana mdogo. Bila shaka alikusamehe."

"Usimsemee! Hakunisamehe wala hakunilaumu. Kila Jumamosi, miaka kumi na tisa mpaka anakufa, alinipigia pasi lile shela jeusi kwa mkono wake ule ule, akaliweka kitini pangu, akarudi jikoni. Hata neno moja hakuniambia." Alijifuta uso kwa kiganja, kwa ghadhabu, kana kwamba machozi yalikuwa ya mtu mwingine. "Mwite fundi."

"Fundi wa nini?"

"Akibandue kibao cha mlango wangu. Nyuma hakina kitu, achonge huko."

"Lakini Mama, jina lako halitabaki popote katika nyumba hii."

"Wala halikustahili. Mwite, au pipa lako ukalizungushe mwenyewe."

Chini wageni walikuwa wamekwisha kukusanyika, vicheko na glasi vikisikika. Borja alisikiliza, akapiga simu. Fundi alipanda na sanduku lake, akafungua skrubu nne, akakigeuza kibao juu ya goti, akauliza aandike vipi. Mama Casilda, kama vile vingine?

"Kina Mama wamejaa korido nzima," alisema Rufina. "Andika Sista."