Ugonjwa Alioupata Kigoda Duniani

Wageni kutoka nyota za mbali waliposhuka kuja kuwachunguza binadamu, wawili waliangukia mtaa mmoja. Wa kwanza watu walimbandika jina la Kigoda, kwa kuwa alikuwa na miguu mitatu na hakuchoka kusimama. Mwenzake aliitwa Kinanda, maana akivuta pumzi tu kifua chake kilitoa sauti ya kubembeleza. Kigoda alipata chumba kwa fundi cherehani mmoja, mwanamke mjane aliyeishi na mama yake mzazi, ambaye kila mtu alimwita Bibi. Kinanda alipokelewa ng'ambo ya barabara kwa Mama Pacha, naye fundi cherehani vilevile.

Kazi yao ilikuwa kutazama na kupeleka habari kwao. Kigoda alistaajabu mengi. Watu wakiulizwa hali walijibu nzuri, kisha wakaanza kueleza jino linalouma, mume aliyenuna na paa linalovuja. Mtu akishaaga, husimama mlangoni, na hapo ndipo mazungumzo yenyewe huanza.

Ila lililomshinda kabisa ni wivu. Siku moja bibi harusi mtarajiwa alipita mbele ya duka na kitambaa chake kwapani, akavuka barabara kwenda kushonewa kwa Mama Pacha. Fundi alikanyaga cherehani kwa hasira mpaka uzi ukakatika. Kigoda akamuuliza kwa upole: kazi zimejaa hapa hadi juu ya viti, gauni la yule lingekaa wapi?

"Nyamaza wewe," fundi akamwambia. "Aisifuye mvua imemnyea."

Kigoda akachungulia nje, asione hata wingu. Akapeleka habari kwao kwamba wivu ni ugonjwa wa binadamu, na huenda unaletwa na hali ya hewa.

Huyu Kigoda alimpenda sana Bibi. Alimtungia uzi kwenye sindano, akamkuna mgongo, akamshika mkono kumpeleka uani kuota jua. Bibi alimshukuru vizuri, kama mtu anavyomshukuru jirani mwema. Basi mchana mmoja Kinanda akaja kuazima mkasi, akaketi karibu na Bibi, akavuta pumzi. Bibi akafumba macho, uso ukamkunjuka.

"Mjukuu wangu," akasema, "hebu pumua tena."

Goti la katikati la Kigoda likapata moto. Mjukuu! Na yeye, pamoja na kukuna kote kule, hajawahi kuitwa hata mpwa.

Kuanzia hapo Kinanda hakukosa kuja. Kigoda akaanza visa. Mara amwambie Kinanda kwamba Bibi amelala, na huku Bibi anasikika ndani akikohoa. Mara kiti cha mgeni kipotee. Mwisho akamnong'oneza Bibi kwamba ile si sauti ya muziki hata kidogo, bali ni gesi iliyojaa tumboni, tena kwao ni aibu. Alidhani Bibi atakunja pua.

"Maskini mtoto wa watu," Bibi akasema. "Kumbe anaumwa, na anavumilia hivyo?"

Tangu siku hiyo Kinanda akawa anachemshiwa maji, analazwa kwenye mto wa Bibi mwenyewe na kusuguliwa mgongo. Naye, asiyeumwa na chochote, alitulia tuli.

Fundi alimwona Kigoda dirishani, anakunja kitambaa, anakikunjua, anakikunja tena. Akacheka hadi akaegemea cherehani. Kisha akavuta kiti, akaketi kando yake.

"Sasa umekuwa mtu," akamwambia. "Pole sana."

Wakakaa pale wakiisema nyumba ya ng'ambo: mapindo ya Mama Pacha yanavyofumuka, na Kinanda anavyojidekeza. Kigoda hakuwahi kuonja raha kama ile tangu atue duniani.

Muda wao ulipokwisha, chombo kikaja kuwachukua. Matabibu wao wakawapima. Kinanda alikuwa mzima. Kwa Kigoda, wivu ulikuwa umeshaingia mifupani, na ulikuwa wa kuambukiza; akirudi, watu wote wangeanza kutazamana miguu nani kazidi. Akaambiwa abaki. Kinanda alimkumbatia akalia, na kilio chake kilikuwa kitamu kuliko hata pumzi zake. Hata hapo, wakiwa wanaagana, jambo hilo lilimchoma Kigoda.

Akabaki. Bibi alimhurumia, na baada ya muda akaanza kumwita mjukuu wangu wa pili. Wa kwanza alikuwa kwao nyotani, akituma salamu kwa njia ileile waliyopelekea habari, na kila jioni uani Bibi aliulizia habari zake.

"Amesemaje leo?"

"Anakusalimia," Kigoda akajibu.

Kinanda alikuwa amesema mengi: kwamba kwao kuko kimya, kwamba hakuna anayemwekea mto, kwamba akimkumbuka Bibi halali. Bibi akauliza kama kuna jingine. Kigoda akasema hakuna, akainama kumfunika miguu kwa shuka.