Gundi Mbichi

Fundi viatu yule hakuwa mtu wa kusubiri, na kazi yake, kwa ukorofi wa dunia hii, nusu yake ni kusubiri. Sufuria ikiwa jikoni, mama huyo atafunua kifuniko mara kumi. Mgeni akisema anakuja saa nne, saa tatu yeye yuko mlangoni anashangaa mbona hajafika. Sasa mtu wa namna hiyo mpe gundi, uone kazi.

Jana alasiri mdogo wake wa kiume, mvuvi, alimletea buti zake za kuingilia mtoni. Soli zote mbili zilikuwa zimebanduka kuanzia vidoleni, zimeshikilia kisiginoni tu. Mvuvi huyu hana mtumbwi. Huingia mtoni kwa miguu mpaka maji yamfike kiunoni, akasimama juu ya mawe yenye utelezi na kurusha mshipi wake. Mtu wa kazi hiyo roho yake iko kwenye soli.

"Dada, nazitaka leo leo."

"Leo? Una wazimu? Njoo kesho kutwa."

"Mvua imekatika, maji yanapungua. Wenzangu wanaingia kesho alfajiri. Samaki hawamngoji mtu."

"Na gundi nayo haimkimbilii mtu," dada akamjibu, lakini mikono ilikuwa imeshazipokea.

Alizisugua, akazikausha, akakwangua gundi ya zamani, akapiga msasa, akapaka gundi mpya kwenye soli na chini ya buti. Hapo ndipo kusubiri kunapoanza. Gundi ile huachwa mpaka uiguse kwa kidole isinate. Ndipo unapobandika, ukagonga kwa nyundo, ukabana, na buti haigusi maji mpaka kesho yake saa kama hiyo. Mvuvi akawa anatoka, anaingia. "Bado?" "Bado." Anakaa, anainuka, anachungulia barabarani. "Bado tu?" Na haraka, jamani, ni kama miayo, huambukiza. Fundi akagusa kwa kidole, ikanata. Akajiambia, aah, itakaukia humo humo ndani. Akabandika, akagonga, akamkabidhi ndugu yake kabla jua halijazama.

Asubuhi alipofungua kibanda alifanya kama alivyofundishwa na baba yao, fundi kabla yake. Kila anapobandika soli hubandika pia vipande viwili vya mpira, kwa gundi ileile, wakati uleule, akaviacha mezani. Huviita shahidi. Kesho yake huvivuta. Vikigoma, basi na kiatu kiko imara. Leo alivivuta kwa vidole viwili tu, vikaachana kama ganda la ndizi mbivu. Ndani gundi ilikuwa mbichi, inavutika nyuzi nyuzi.

"Mama yangu!"

Mwalimu wa jirani alikuwa ndiyo kwanza anafika, kiatu mkononi. "Fundi, hiki kisigino changu..."

"Kaa nacho!" Akampita mbio, aproni bado iko kiunoni, mlango kauacha wazi.

Mto uko nyuma ya karakana za mbao, mwendo wa robo saa kwa mtu mwenye akili zake. Njia nzima alijigombeza. Neno lenyewe moja tu, hapana, lingekutoa meno? Kijana analilia kifo chake, na wewe unampigia nyundo! Akazidisha mbio.

Alimkuta katikati ya mto, amempa mgongo, maji kiunoni, yanakwenda kasi. Akafungua mdomo amwite. Hapohapo kitu cheusi kikapita mbele yake kikielea, kikakwama kwenye matete. Soli. Buti moja tayari ilikuwa haina soli, imebaki plastiki laini juu ya jiwe la utelezi.

Akafumba mdomo. Alimjua mdogo wake: ukimwita, hugeuka mwili mzima kwa mkupuo, tangu utotoni. Mgeuko mmoja ungetosha kumwangusha. Basi mama asiyeweza kungoja ugali uive akasimama ukingoni, aproni kaiuma kwa meno, akangoja. Mvuvi akarusha mshipi. Akavuta. Akarusha tena. Dada akatamani kulia, kupiga kelele, kurukia humo majini na nguo zake. Hakufanya hata moja.

Kisha mguu ukateleza. Mvuvi akaenda upande, mkono ukazama mpaka begani, maji yakamfika kidevuni. Mvuvi akajikamata na jiwe, akainuka, akapapasa kwa mguu, akaelewa. Akaanza kugeuka polepole, kidogo kidogo, akamwona. Dada akaingia majini mpaka magotini, akanyoosha mkono, akakaa nao hivyo hivyo, mvuvi akija hatua baada ya hatua, mpaka vidole vikashikana.

Mvuvi akaketi kwenye tope, anahema. Akatazama buti moja haina soli, na ya pili inaning'inia.

"Ilikuwa mbichi," dada akasema. "Nilijua ni mbichi, nikakupa."

Mvuvi akajaribu kucheka. "Usijilaumu, dada. Mwenye haraka nilikuwa mimi."

"Mwenye haraka ulikuwa wewe. Fundi ni mimi."

Mvuvi akainama avue buti, lakini fundo la kamba lilikuwa limeloa na kukaza, likamshinda. Dada akapiga magoti mbele yake, akamwondoa mikono taratibu, akaanza kulifungua yeye. Hakulikata; alilegeza kamba kidogo kidogo.