Bwawa la Vyura

Nusu ya dihuang yangu, mmea wa mizizi ya dawa, ilikuwa inakufa, na sikuelewa kwa nini nusu tu.

Upande wa mashariki majani yalikuwa mapana na manene, yenye malaika laini kama sikio la ndama. Upande wa magharibi yalikuwa yamejikunja na kuwa manjano. Katikati palikuwa na mstari ulionyooka, kana kwamba mtu alivuta kamba. Nilichimbua mmea mmoja wa upande mbaya. Mwezi huu mzizi ungepaswa kuwa umeshanenepa kama kidole gumba, lakini nilitoa nyuzinyuzi tupu, kama ndevu.

Ugonjwa huo kila mtu kijijini kwetu anaujua. Shamba likizaa dihuang leo, halizai tena dihuang mpaka mtoto aliyezaliwa mwaka huo awe anakaribia kumaliza shule ya msingi. Ndiyo maana tunabadilishana mashamba. Nilipovuna shamba langu la kando ya mfereji, nilimpa Genwang, mdogo wa mume wangu, apande mahindi. Naye akanipa hili, akiapa mbele ya mama yao kwamba halijaona dihuang tangu aoe.

Kama alinidanganya, nisingeweza tena kula naye meza moja. Nilipiga magoti kwenye tuta, nikamwomba Mungu anionyeshe ukweli. Kisha nikaogopa, maana huenda akanionyesha kweli.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe akikanda unga wa mikate ya mvuke.

"Genwang akudanganye?" alisema. "Yule hata akiiba yai, uso wake unamsema kabla ya kuku."

"Basi nani alipanda dihuang upande wa magharibi, Mama?"

"Nani apande kwenye bwawa la vyura? Mvua ikinyesha kule, mahindi yanaogelea."

Nilizidi kuchanganyikiwa. Mvua ilikuwa imenyesha mara nyingi tangu nipande, na sikuwa nimeona dimbwi hata moja. Shamba lote lilikuwa sawa kama meza.

Nilimfuata Genwang uani kwake. Alikuwa anafunga gurudumu la trela, mkate mdomoni.

"Shemeji Lanying! Umekuja kunilisha au kunipiga?"

"Bado sijajua. Bwawa la vyura limekwenda wapi?"

Akatabasamu kama mtoto aliyefumaniwa. "Kumbe umegundua. Nililifukia wakati wa baridi, ulipokuwa kwa dada yako. Nilijua mizizi yako ingeoza kwenye maji."

"Ulilifukia kwa udongo gani?"

"Udongo safi kabisa! Ule wa juu, wa shamba la mfereji. Samadi yote ile ulimwaga wewe, shemeji. Niliona aibu kuila peke yangu."

Nilikaa juu ya tairi.

"Genwang, udongo huo ndio uliotoka kuzaa dihuang."

"Ndiyo, lakini shamba ndilo linalochoka. Mimi udongo niliuhamisha..."

Akaacha kutafuna. Mkate ulibaki umevimba shavuni.

"Nitautoa," alisema. "Leo hii. Nitaurudisha kule."

"Mahindi yako yamefika kiunoni. Utaumwaga juu ya vichwa vyao?"

Aliitazama trela, akanitazama mimi, akaitazama tena trela. Nilitaka kucheka, machozi yakaanza kutoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya mwongo. Si kwa mtu huyu.

Mchana ule tuling'oa dihuang yote ya magharibi. Genwang alikuja na mbegu za choroko, akawa anazifukia nyuma yangu. Nilijaribu kumshukuru Mungu kwa jibu, lakini sikujua nianzie wapi.

"Shemeji," Genwang akaita mwishoni mwa mstari, "umenikasirikia?"

"Sijui. Fukia mbegu."

Akafukia. Baada ya muda akauliza tena, kwa sauti ndogo, "Na jioni, je, nije kula?"

Niliangalia mikono yake, imejaa udongo wangu.

"Njoo," nikamwambia. "Ila usiniletee zawadi nyingine."