Kasia Lenye Uzi Mwekundu

Cadeau alikuwa fundi cherehani wa Kawale, Lilongwe, na fundi cherehani akikasirika hapigi kelele, anapima kwanza. Goti la Noël alilipima kichwani mwaka mzima.

Chanzo kilikuwa goti jingine, la kaka yake mkubwa, Étienne. Kila mwaka katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, watu wa Uvira, walioacha mji wao kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganyika, hufanya Siku ya Ziwa. Ziwa lenyewe halipo. Lipo vumbi, kipo kisima cha pampu, na ipo mitumbwi miwili ya mianzi na turubai, isiyo na sakafu. Watu wanane huingia ndani ya kila mmoja, wakautundika mabegani kwa kamba, wakakimbia hadi kisimani na kurudi, huku wakiipiga hewa makasia kama wendawazimu wenye ratiba. Wa Uvira hushindana na wa Bukavu, kwa sababu Bukavu nao wana ziwa lao, Kivu, na midomo ya kulisifia. Mwaka jana, pale pa kugeukia kisimani, kasia la Noël, nahodha wa Bukavu, lilimshukia Étienne gotini. Noël aliapa kuwa ni bahati mbaya. Tangu hapo Étienne anatembea kama mtu anayeinama kusalimia kila hatua.

"Achana naye, petit," Étienne alimwambia kwenye simu. "Goti ni yangu mi. We hasira umetoa wapi?"

Cadeau hakuachana naye. Alichonga kasia, akaupasua mpini, akalaza ndani kipande cha nondo, akaufunga kwa gundi na kulipaka rangi ya buluu kama makasia yote ya sikukuu. Ili asilipoteze kati ya makasia ya wenzake, akalifunga shingoni uzi mwekundu, kwa fundo lake la ufundi. Jumamosi asubuhi akapanda minibasi na kasia lake ndani ya kitenge. Abiria mmoja akamuuliza kama anakwenda kuvua samaki huko Dowa, kwenye mahindi.

"Ndiyo," akajibu. "Mmoja tu."

Alichosahau ni kitu kimoja. Tangu enzi za Uvira, kabla ya mbio makasia ya pande zote humwagwa lundo moja, yakavurugwa, na kila mtu akaokota la bahati yake, asije mmoja akasema mwenzake ameliroga. Desturi hiyo Cadeau alinyonya nayo. Ila hakuwahi kukimbia hata mara moja; miaka yote alifika mbio zikiwa zimeshaanza, maana hatoki nyumbani kabla shati halijapigwa pasi mara mbili. Mwaka huu aliwahi, akaingia nafasi ya Étienne mtumbwini.

Mama Rosette, mwenyekiti wa sikukuu, alikuwa na sauti isiyohitaji kipaza sauti, na kipaza sauti alikuwa nacho. "Batu ba Uvira, batu ba Bukavu! Mumwange makasia yote hapa! Na mukumbuke: mwenye iko ndani ya mtumbwi, iko ziwani. We wa inchi kavu haumuguse. Ukimugusa, na mi nitakugusa!"

Watu wakacheka. Cadeau alikuwa bado ameshika kasia lake kama mtoto wa kwanza. Jirani akamnyang'anya, akalitupa kwenye lundo. Yakavurugwa. Alipopiga magoti kulitafuta, mikono kumi na mitano ilikuwa imemtangulia, na lenye uzi mwekundu lilikuwa limekwisha nyanyuliwa. Na Noël.

Noël alilipima mkononi, akatabasamu hadi magego. "Ee! Hii njo kasia! Zingine zote ni za kukorogea nsima."

Cadeau alifungua mdomo. Angesema nini? Kaka, nirudishie, hilo nilitengenezea goti lako? Akaokota kasia lililobaki.

Mbio zikaanza. Miguu thelathini na miwili, mitumbwi miwili, vumbi mpaka kwenye meno. Kisimani alikuwa Étienne akipiga ngoma ya kugeukia, na macho ya Cadeau hayakutoka kwenye uzi mwekundu uliokuwa ukipanda na kushuka mkononi mwa Noël, kwenye mtumbwi wa pembeni. Aliutazama mno. Akajikwaa, akauvuta mtumbwi wote upande, ukajibamiza kwenye ule wa Bukavu. Mianzi ikalia pwaa! Watu wakamwagika nje kama maharage ya gunia lililotoboka.

Kabla vumbi halijatua, mtu wa Uvira alishampiga mtu wa Bukavu kiwiko cha pua. Mwingine akajibu kwa kichwa. Damu ikaonekana, na damu ikionekana hakuna anayeuliza nani alianza. Noël akalipandisha kasia juu ili afungue njia. Étienne, na goti lake bovu, akaingia katikati.

"Acheni! Ni sikukuu, jamani!"

Kasia lilikuwa tayari linashuka, na lilikuwa linashukia utosi wake. Cadeau akarusha mkono wa kulia, ule wa kukatia vitambaa. Mfupa ukalia kama muwa unaovunjiwa gotini. Kasia nalo likapasuka, na nondo ikachungulia.

"Chuma!" mtu akapayuka. "Noël alitia chuma! Alitaka kumumaliza Étienne!"

Wakamrukia. Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni, akatema meno mawili. Teke likamkunja, tofali likamfungua paji la uso, na mzee mmoja wa kwaya akavua mkanda wenye chuma. Noël alikuwa akilia, "Haiko yangu! Haiko yangu!" lakini kila neno lilirudishwa tumboni kwa buti.

Cadeau, chini kwenye matope ya kisima, aliona kisasi chake kinafanyika bila yeye kunyanyua kidole. Alichotakiwa ni kunyamaza tu. Karibu naye Étienne aliokota kasia, akaona uzi, akaona fundo. Fundo kama hilo lilikuwa kwenye kiraka cha suruali yake mwenyewe. Akamtazama mdogo wake. Akamwonyesha lile fundo.

Afadhali angemtukana.

Cadeau akainuka, mkono ukining'inia, akampokonya Mama Rosette kipaza sauti. "Ni mimi! Kasia ni yangu! Chuma nilitia mi, nilitaka goti ya Noël!"

Kisha wakamwacha Noël wakamgeukia yeye, na watu wa Uvira ndio waliotangulia, maana aibu ilikuwa yao na sikukuu ilikuwa yao. Ubavu, kichwa, ule mkono tena. Aliona weupe. Alisikia Étienne akipiga kelele, "Mutaniulia mtoto wa mama!" Kisha ghafla kitu kikamfunika, mianzi huku na huku, turubai pembeni, na ndani yake Noël amesimama, uso kama nyanya iliyokanyagwa.

"Iko ziwani!" Noël akanguruma. "Nani anajua kuogelea? Aje!"

Mkono wenye jiwe ukasita hewani. Mama Rosette akarudisha kipaza sauti mdomoni. "Mulisikia," akasema polepole. "Iko ziwani. Haguswi na wa inchi kavu."

Jiwe likaanguka chini.

"Zikomo, kaka," Cadeau akanong'ona.

"Usinishukuru. Na mi niko ziwani." Noël akamtandika ngumi moja ya pua, kavu, ya kupimwa. "Hii ya meno yangu." Kisha akamdaka kwa mshipi asianguke, akajitwika kamba za pande zote mbili. "Tembea. Kliniki iko kule."

Umati ukapasuka kuwapisha. Mtumbwi wa watu wanane ukaenda na wawili, ukiyumba. Nyuma yao Étienne alichechemea, akiliegemea kasia la nondo kama mkongojo, chuma kikigonga mawe, ti, ti, ti.

"Yaya," Cadeau akamwita kaka yake bila kugeuka, "umenikasirikia?"

Chuma kikagonga mara nne tano.

"Ule mkono njo ulikuwa unanishonea suruali," Étienne akasema. "Mjinga we."

Noël akapunguza mwendo, ili mwenye goti awafikie.